Mnene naye ana haki ya kuvaa mkanda mweupe

Jioni ya Jumanne moja, mwezi wa Februari mwaka wa 2024, nilisimama nje ya ukumbi mmoja ulio karibu na mtaa wetu wa Mbotela, hapa Nairobi, nikiwa nimekwapia mkoba kama mtu aliyeiba. Ndani ya mkoba huo mlikuwa na suruali ya mazoezi niliyoinunua Gikomba siku mbili kabla, baada ya kuzunguka kibanda hadi kibanda nikitafuta inayoweza kunipita kiunoni. Umri wangu ulikuwa miaka 48 na uzito wangu kilo 108. Kutoka ndani zilisikika sauti za watoto wakihesabu kwa Kijapani huku wakipiga ngumi hewani. Nilikaa pale nje dakika zipatazo ishirini nikijifanya nasubiri mtu.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa shule ya upili. Nimesimama mbele ya wanafunzi kwa miaka ishirini na minne, na sikumbuki siku niliyowahi kuogopa kuingia darasani. Lakini mlango ule wa ukumbi ulinishinda. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama watoto kwamba siku hiyo hakukuwa na mafunzo. Uongo huo naukiri hapa kwa mara ya kwanza, nami natumaini atasoma aya hii akiwa ameshiba.

Nilirudi Alhamisi, nikaingia. Yaliyonipata tangu siku hiyo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu naona jambo hili linatuhusu sisi walimu na wanafunzi wetu kuliko tunavyofikiri.

Kwanza niseme neno juu ya mtaa wenyewe. Wageni wengi huamini kwamba Mbotela uliitwa kwa jina la mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025 na ambaye kwa miongo mingi aliliuliza taifa zima redioni iwapo huu ni uungwana. La hasha. Mtaa huu ulipewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa hapa Nairobi Novemba 1952. Ni mtaa wa nyumba ndogo zilizokuwa za baraza la jiji, jirani na Kaloleni na Makongeni, na sisi tuliolelewa humo tulijua michezo miwili tu: kandanda na ngumi. Robert Wangila alipotwaa nishani ya dhahabu ya ndondi katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, kila kijana wa Eastlands alitembea wiki nzima akiwa amekunja ngumi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nilikuwa mnene hata wakati huo.

Karate na kung fu tulizijua kwa njia ya sinema. Katika vibanda vya video vya miaka ya 80 tulilipa senti zetu, tukabanana juu ya mabenchi, tukamtazama Bruce Lee akiwatawanya maadui kama makapi. Alikuwa amekwisha kufa tangu Julai 1973, lakini hakuna aliyetuambia, na nadhani mwenye kibanda aliona si vizuri kuharibu biashara. Tulichojifunza kwake, pamoja na mateke tuliyopigana njiani kurudi nyumbani, ni kwamba mpiganaji ana tumbo lililogawanyika vipande kama ubao wa draft. Mwenye tumbo la aina nyingine alikuwa mtazamaji. Sikujua wakati huo kwamba yule kijana aliyepigana na Bruce Lee mwanzoni kabisa mwa filamu ya Enter the Dragon ni Sammo Hung, mtu mnene aliyeruka na kubiringika kuliko wembamba wengi, na ambaye mwaka wa 1978 alitengeneza filamu yake mwenyewe na kuiita Enter the Fat Dragon. Laiti ningeijua nikiwa mtoto! Pengine nisingengoja miaka thelathini na sita.

Kungoja ndiko kiini cha hoja yangu. Watu wanene tuna sala moja tunayoisali kila Januari: nitapunguza kwanza, halafu nitaanza. Nitapunguza kwanza, halafu nitajiandikisha. Tunasema hivyo kwa sababu tunaogopa kuchekwa, na tunaambiwa hivyo hata na watu wanaotutakia mema. Daktari husema punguza, jirani husema punguza, na mwenye kilabu cha mazoezi hukuangalia kuanzia juu hadi chini akauliza kama umeshajaribu kutembea tembea kwanza. Wahenga walinena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu halikuumia, lilikua.

Waama, msemo huo wa kupunguza kwanza ni sawa na kumwambia mtu asiyejua kusoma kwamba ajifunze kusoma kwanza, kisha aje shuleni. Sisi walimu tungemcheka mkuu wa shule ambaye angeweka sharti la namna hiyo. Mbona basi tunalikubali mwili unapohusika?

Nilipofanya utafiti wangu mdogo, kama ilivyo desturi ya walimu, niligundua jambo lililonistaajabisha. Sanaa hizi tunazoziona kuwa za majitu ya chuma zilifinyangwa, kwa umbo tunalolijua leo, na walimu wa shule, na baadhi yao walizianza wakiwa dhaifu. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka wa 1882, alikuwa kijana mwenye umbo dogo aliyeonewa na wenzake shuleni. Baadaye akawa mkuu wa chuo cha kufundishia walimu, na mwaka wa 1909 akawa mwanachama wa kwanza kutoka Asia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka wa 1922 kutoka kisiwa cha Okinawa, alikuwa mtoto mgonjwa mgonjwa ambaye wazazi wake hawakutarajia angeishi sana. Naye alikuwa mwalimu wa shule. Na kabla yake, mkufunzi wake Anko Itosu ndiye aliyeiingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya ishirini, akairahisisha ili watoto wa kawaida, wenye miili ya kawaida, waiweze. Kwa hiyo anayesema kwamba mlango huu ni wa wenye nguvu peke yao haijui historia ya mlango wenyewe.

Sasa nirudi ukumbini. Mkufunzi wetu ni kijana wa miaka ishirini na sita, ambaye mchana huchomelea milango ya chuma kando ya Barabara ya Jogoo. Aliponiona nimeingia, aliinamisha kichwa akasema, "Karibu, mwalimu." Aliniambia kwamba humo ndani yeye huitwa sensei. Nilikuja kujua baadaye kwamba neno hilo la Kijapani, ambalo sisi tunalitumia kwa maana ya mwalimu, asili yake ni mtu aliyetangulia kuzaliwa. Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho, maana mimi nilikuwa nimetangulia kuzaliwa kwa miaka ishirini na miwili, na bado nilipangwa mwisho wa mstari, nyuma ya msichana wa darasa la tano mwenye mkanda wa njano. Humo mtu hupangwa kwa mkanda. Umri, cheo na mshahara huachwa mlangoni pamoja na viatu.

Zoezi la kupasha mwili moto lilichukua dakika kumi na tano. Mimi nilidumu dakika sita. Tuliambiwa tupige pushapu kumi, nikapiga mbili, na hiyo ya pili naihesabu kwa hisani yangu mwenyewe. Tuliambiwa tuchuchumae, nikachuchumaa, nikashindwa kuinuka hadi niliposhika ukuta. Wahenga pia walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hawakutuambia afanye nini yule asiyeweza kuinama. Dirishani walikuwa wamejazana watoto wa mtaa, baadhi yao wanafunzi wangu, na kicheko chao nilikisikia vizuri. Nilitoka nje, nikazunguka nyuma ya ukumbi, nikatapika chai ya saa kumi pamoja na mandazi mawili.

Nikiwa nimeinama pale, mikono magotini, ndipo nilipomkumbuka.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi katika kidato cha pili, ambaye jina lake sitalitaja. Alikuwa mnene kama nilivyokuwa mimi katika umri wake, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Wenzake walimwita Lori. Siku hiyo nilikuwa mwalimu wa zamu, na niliwaamuru wanafunzi waliochelewa waruke kichurachura kuzunguka nusu ya uwanja. Wenzake walimaliza. Yeye alibaki katikati ya uwanja, peke yake, suruali imempasuka, huku shule nzima ikimtazama kutoka madirishani. Nami nilisema kwa sauti ya kusikika, "Lori limekwama, leteni winchi." Shule ilicheka. Nilijiona mcheshi. Kuanzia wiki ile alianza kukosa shule siku za michezo, kisha siku nyinginezo, na mwisho wa mwaka wazazi wake wakamhamisha. Katika fomu ya uhamisho niliandika kwamba hana bidii.

Nyani haoni kundule, na mimi sikuliona langu hadi siku ile nyuma ya ukumbi. Nilikuwa mtoto mnene aliyekua akawa mwalimu mnene, na badala ya kumkinga aliyenifuata, nilimpa wenzake fimbo ya kumpigia.

Sensei alitoka nje na kikombe cha maji. Hakuniambia nijikaze, wala hakunipa hotuba. Alisema tu, "Mwalimu, leo umefanya dakika sita. Alhamisi fanya saba." Kisha akarudi ndani. Watoto wa dirishani aliwafukuza, ila si kwa ukali. Aliwaambia kwamba anayetaka kutazama aingie avue viatu, ajiunge. Wawili waliingia. Kijana yule hajawahi kusomea ualimu hata siku moja.

Nataka kuwa mkweli kuhusu hatari, kwa sababu walimu wa hisabati na sayansi watakaosoma makala haya watanishukia kama mwewe nikijifanya hazipo. Mwili mzito si sawa na mwili mwepesi, na anayeufunza kana kwamba ni sawa ataujeruhi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2005, uliofanywa kwa watu wazima wanene wenye maumivu ya magoti, ulionyesha kwamba kila kilo moja mtu aliyoipunguza ilimwondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua ya kutembea. Hesabu hiyo ukiigeuza utaelewa kwa nini kumrusha mtu wa kilo 108 kichurachura ni ujinga, iwe ni adhabu au ni mazoezi. Mimi kwa miezi mitatu ya kwanza sikuruka hata mara moja. Wenzangu waliporuka, nilipiga hatua. Walipopiga pushapu sakafuni, nilizipiga nikiwa nimeegemea ukuta, kisha benchi, kisha nikiwa nimepiga magoti, na mwezi wa saba ndipo niliposhuka sakafuni kama binadamu wengine. Teke langu lilifika kwenye paja la mtu, na hapo ndipo lilipoishia. Sensei aliniambia kwamba anayepigwa teke zuri la paja hatauliza kwa nini halikufika kichwani.

Kabla ya hayo yote, nilitumwa kwenda kupimwa shinikizo la damu. Mkufunzi asiyemtuma mtu mnene wa makamo kupimwa kabla ya kumkimbiza hafai kuaminiwa, hata akiwa na mikanda meusi mitano. Langu lilikuwa juu. Daktari hakunikataza. Aliniandikia dawa, akaniambia nianze polepole, na nisimame mara moja nikihisi kifua kubana, kizunguzungu au moyo kwenda mbio isivyo kawaida. Alinipa pia kipimo kisichohitaji chombo: ukiweza kuzungumza sentensi nzima huku ukifanya zoezi, uko salama; ukiweza kutoa neno moja moja tu, punguza mwendo. Kwa mwalimu wa lugha hicho ni kipimo kizuri sana. Kwa majuma kadhaa sikuweza kufika kwenye kiarifu.

Jambo jingine ambalo wanene hawaambiwi ni kwamba inafaa kujifunza kuanguka kabla ya kujifunza kupiga. Katika judo ndilo somo la kwanza, na mkufunzi wetu, ingawa ni wa karate, aliniazima somo hilo kwa sababu aliona ninavyouogopa mkeka. Mtu mzito huogopa kuanguka kuliko kitu chochote, si kwa ajili ya maumivu peke yake, bali kwa ajili ya kishindo. Anaogopa kusikika. Nilijifunza kukunja kidevu, kupinda mgongo na kupiga sakafu kwa mkono mzima ili mshtuko usambae. Nilianguka pengine mara mia katika mwezi mmoja. Kishindo kilisikika hadi barabarani. Baada ya mara ya thelathini hivi, hakuna aliyegeuza shingo.

Je, nimepungua? Swali hili huulizwa kabla hata ya salamu. Baada ya mwaka mzima nilikuwa nimepungua kilo saba. Najua msomaji alitarajia thelathini. Ukweli ni kwamba mazoezi peke yake hupunguza uzito polepole sana, kwa sababu jasho la saa nzima hurudishwa na chapati mbili na chai ya maziwa, na mimi nilizirudisha mara nyingi. Anayetaka kupungua lazima atazame sahani yake. Lakini naona tunakosea tunapoufanya mizani kuwa hakimu wa kila kitu. Shinikizo langu la damu limeshuka. Napanda ngazi hadi orofa ya tatu ya shule bila kusimama njiani nikijifanya nasoma matangazo ukutani. Nalala usingizi mzima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wa umri wa miaka mitano hadi kumi na saba apate wastani wa dakika 60 kila siku. Mwongozo huo unamhusu mnene na mwembamba sawasawa, na hausemi mahali popote kwamba aliye mnene angoje.

Dakika 60 kila siku! Hebu mwalimu mwenzangu ujiulize, kwa haki, wanafunzi wako hupata ngapi. Sisi tuliosoma katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, tunakumbuka kwamba kipindi cha mazoezi ya viungo kilikuwamo katika ratiba. Kilikuwamo, lakini kwa kuwa hakikutahiniwa, mwalimu wa hisabati alikiona kama shamba lisilo na mwenyewe. Nami nilipokuwa mwalimu nilifanya vivyo hivyo kwa ajili ya ufupisho na insha. Mtaala mpya umeipa michezo heshima zaidi, hata ukaifanya sehemu ya mojawapo ya mikondo mitatu ya shule za upili za juu. Ni vyema. Ila naogopa kwamba michezo itakuwa ya wale wenye vipaji vya michezo, na yule mwenye mwili mzito ataachwa chini ya mti akilinda mikoba ya wenzake. Nimeshaona ikifanyika. Mtoto anayehitaji uwanja kuliko wote ndiye tunayempa kazi ya kulinda mikoba.

Na tusidhani kwamba ni watoto wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukizwa ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5. Ukizitazama takwimu hizo utadhani kumbi za mazoezi zimejaa kina mama. Sivyo. Katika ukumbi wetu wamo wawili tu, mmoja wao muuza mboga ambaye hufika akiwa amechoka kuliko sisi sote na huondoka wa mwisho. Aliniambia kwamba kilichomzuia kwa miaka mitatu hakikuwa uzito wala ada, bali wanaume waliokaa mlangoni na kutoa maoni juu ya kila anayeingia. Mwaka wa 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, Faith Ogallo aliiwakilisha Kenya katika taekwondo, kwenye kitengo cha wanawake wa zaidi ya kilo 67, kile cha uzito wa juu kabisa. Kitengo hicho kipo kwa sababu michezo hii iliwatambua watu wazito zamani, kabla ya wanaume wa mlangoni.

Wapo wanaosema kwamba kuingiza sanaa za mapigano shuleni ni kuwafundisha watoto fujo, hasa katika nchi ambayo mabweni yake huteketezwa. Hofu hiyo naielewa, ila siikubali. Funakoshi alisisitiza kwamba mwanakarate hashambulii kwanza. Isitoshe, katika mwaka huu wote nimeshuhudia watoto wakiinamiana vichwa kabla ya kugusana na baada ya kugusana, jambo ambalo sijaliona katika ukumbi wa bunge letu. Ninayemwogopa mimi ni mkufunzi mbaya. Wapo wanaowapiga wanafunzi, wapo wanaouza mikanda kama nyanya, na wapo wanaomfanya mnene kuwa kichekesho cha darasa ili wengine wajione hodari. Mzazi akimpeleka mtoto wake mahali, na akae siku moja nyuma atazame jinsi anavyotendewa aliye wa mwisho. Hayo yatamwambia zaidi ya vikombe vilivyopangwa kabatini.

Niseme pia habari ya mtihani wangu. Mwezi wa tisa niliufanya mtihani wa kupanda mkanda, nikaanguka. Nilisahau katikati ya kata, yaani ule mfululizo wa miondoko ambao hukaririwa kama shairi, nikageuka kushoto wakati wote walipogeuka kulia. Sensei aliniita mbele, akasema, "Mwalimu, bado." Akanionyesha mahali nilipokosea, mara mbili, polepole, kisha akaniambia nirudi mstarini. Watoto hawakucheka, maana humo kila mmoja ameshaambiwa bado, na anajua ataambiwa tena. Niliketi nikawaza jinsi ninavyorudisha karatasi za mtihani darasani kwangu: kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sauti, huku waliobaki nyuma wakijua kabla sijawafikia. Kwa miaka ishirini na minne niliamini kwamba aibu hiyo huwatia bidii. Mwaka huu nimeacha. Mwalimu mkuu ameniuliza kwa nini, nikamwambia ni habari ndefu inayohusu karate, akaniangalia kwa wasiwasi kidogo. Mkanda wa njano niliupata katika jaribio la pili.

Mwezi uliopita nilikutana na mama wa yule mwanafunzi katika soko la Burma. Alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu," ingawa tunakaribiana kwa umri, na adabu yake ilinichoma kuliko matusi. Nilimuuliza habari za kijana. Alisema yuko kwingine, anaendelea na masomo, ila hatoki nje, hachezi na mtu, na siku za michezo bado humwomba barua ya kuugua. Pale pale, kati ya mizani ya nyama na magunia ya viazi, nilimweleza niliyoyatenda siku ile uwanjani. Hakuwa anayajua. Mtoto hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alinyamaza kwa muda mrefu, akahamisha kikapu kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kisha akasema atamfikishia.

Nilimpa ujumbe wa kuomba radhi, na nikamwomba amweleze pia kwamba kuna ukumbi ambamo mimi husimama nyuma kabisa na mkanda wangu wa njano, kilo mia moja na moja, na kwamba mbele yangu wamo watoto wadogo wanaonishinda kila kitu. Nilimtajia siku na saa. Mpaka ninapoandika haya kijana hajaja, nami sina haki ya kumlaumu. Sensei anajua habari yake. Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni, huacha mlango wazi hata mvua ikinyesha, na anayelalamikia baridi huambiwa apige pushapu.